Sauti ya Bi Mkubwa, Pumzi za Mwengine: Uchambuzi wa Kisa cha Wimbo wa Harusi Unguja

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kiasi cha dakika sita. Ulianzia kwenye harusi moja ya mtaani Ng'ambo, mjini Unguja, ukapita kwenye simu za mji mzima, ukafika Mkokotoni na Makunduchi, halafu ukavuka bahari hadi Chake Chake na Wete. Anayesikika akiimba ni mwimbaji wa taarab asilia ambaye sauti yake watu wazima wa visiwa hivi wanaijua tangu zama za kaseti. Mwimbaji huyo aliacha jukwaa miaka mingi nyuma, aliporudi Makka. Wimbo ule hakuuimba. Mashairi yake hakuyaona, studio iliyoutoa hakuwahi kuikanyaga, na mara ya kwanza kuusikia ilikuwa kwenye simu ya mjukuu wake, aliyedhani anamfurahisha bibi.

Nakisimulia kisa hiki bila majina. Wahusika wote wahai, wanapishana Darajani kila siku, na mmoja wao ameshaumia vya kutosha. Mwimbaji nitamwita Bi Mkubwa. Aliyetengeneza wimbo ni kijana wa studio ndogo, fundi hodari kweli kweli, wala si mhuni. Mimi nimo kwa sababu napiga fidla katika kikundi ambacho Bi Mkubwa alikiimbia, na wazee walipoitisha kikao nilitakiwa nieleze kilichofanyika ndani ya wimbo. Nilipokuwa nausikiliza kwa ajili ya kazi hiyo ndipo nilipoona kwamba mji mzima unagombania sauti iliyochukuliwa, na kumbe ndani ya wimbo yumo mwanamke wa pili, ambaye hakuna aliyeuliza habari zake.

Oda

Mama wa bibi harusi alikuwa na lake la moyoni. Aliwahi kuwa na shoga, yaani rafiki wa kike, wakakosana, na maneno ya baada ya hapo yakawa mengi. Akataka wimbo. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Mtu huenda kwa mshairi, akamweleza yaliyomfika, mshairi akayafumba. Mashairi hupelekwa kwa mtia muziki, naye akamtafutia mwimbaji atakayeyabeba. Usiku wa shughuli, mwenye ujumbe huinuka na noti za pesa mkononi, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwenye ubeti anaoutaka, na ukumbi mzima ukajua nani kamwambia nani. Tangu Siti binti Saad na wenzake walipoifanya taarab ya Kiswahili kuwa ya mji mzima, wakaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, nyimbo zetu zimekuwa zikibeba habari za watu tunaowajua.

Mama huyu hakutaka sauti yoyote tu. Alitaka ya Bi Mkubwa. Yeye na yule shoga walikuwa mashabiki wake tangu usichana, wakishona sare pamoja, wakimfuata kila alipoimba. Kijembe kikitoka kwenye kinywa kingine mwenzake angekipuuza. Kikitoka kwa Bi Mkubwa asingekuwa na pa kujificha.

Kikundi kizima chenye ganuni, udi, fidla na waitikiaji kina gharama zake, na kwa vyovyote Bi Mkubwa haimbi tena. Kijana wa studio akamwambia siku hizi hayo yote hayazuii kitu, na bei aliyotaja ilikuwa nyepesi.

Ndani ya kompyuta

Mjini kila kitu kinaitwa AI, yaani akili mnemba, na mkorogo huo uliharibu mazungumzo tangu mwanzo. Kuna programu kama Suno na Udio, ambazo ukiandika sentensi moja unapewa wimbo mzima na ala zake. Kuna Vocaloid ya Yamaha, iliyoingia sokoni mwaka 2004, ambayo mtumiaji huandika maneno na noti, na mashine ikaunganisha vipande vya sauti ya mtu aliyerekodiwa kwa kazi hiyo. Kijana wetu hakutumia hizo. Yeye alitumia programu ya kugeuza sauti: mtu halisi anaimba wimbo wote mwanzo hadi mwisho, kisha kompyuta inaondoa rangi ya sauti yake na kuweka rangi ya sauti ya mtu mwengine. Urefu wa kila noti, mahali pa kuvuta pumzi, matamshi, mitetemo, madoido ya mwisho wa mstari, vyote hivyo vinabaki vya yule aliyeimba mbele ya maikrofoni. Programu yenyewe, RVC, ilitoka mwaka 2023, haiuzwi, na watengenezaji wake wanasema dakika 10 au chini ya hapo za sauti safi zinatosha kuifundisha sauti ya mtu.

Dakika 10 hizo kwa Bi Mkubwa zilikuwa kazi. Kanda zake zimerekodiwa ukumbini, zina mchakacho, zimenakiliwa kaseti kwa kaseti. Kijana alitumia programu ya kutenganisha mwimbaji na ala. Programu za aina hiyo hufanya vizuri kwenye muziki wa kisasa, ambapo kila chombo kimerekodiwa peke yake. Taarab asilia haikai hivyo. Fidla humfuata mwimbaji noti kwa noti, nai na akodiani wakaja juu yake, kila mmoja akipamba kidogo kwa njia yake. Ukimtoa mwimbaji anatoka na fidla imemganda. Nilipousikiliza wimbo kwa spika za masikioni niliisikia: kwenye kila "a" ndefu kuna mkwaruzo mwembamba wa upinde. Upinde ule naujua, ni wa marehemu mmoja wa kikundi chetu. Kikaoni sikulitaja hilo, maana watoto wake walikuwepo.

Ili kupata sauti iliyo safi zaidi, kijana akaongeza mahojiano ya zamani ya redio, ambamo Bi Mkubwa anazungumza tu. Ikawa safi kweli, lakini mtu anayezungumza hapandi juu. Matokeo yake modeli, yaani ile sauti kompyuta iliyojifunza, ikawa nzuri kwenye noti za chini na mbovu kwenye za juu, kila ikipanda inapasuka. Kijana akaushusha wimbo. Kiitikio ambacho mtia muziki yeyote angekirusha juu, yeye alikilaza, kikawa kinakaribia kuwa mazungumzo. Mashabiki walikisifu sana kiitikio hicho, wakisema Bi Mkubwa amekomaa, siku hizi hana haja ya kupiga kelele.

Hapa nilitaka kumlaumu nikashindwa kidogo. Watia muziki wa zamani nao waliupima wimbo kwa kifua cha mwimbaji kama fundi cherehani anavyopima kanzu mwilini. Wimbo mwingi mzuri umetokana na mwimbaji asiyeweza kitu fulani. Hilo ni ubunifu, na kijana aliufanya kwa akili. Ila upungufu alioutungia haukuwa wa Bi Mkubwa. Yeye enzi zake alikuwa akipanda juu mpaka watu wanasimama vitini. Ulikuwa upungufu wa kaseti mbovu na mahojiano ya redio, na sasa kizazi kisichomjua kinaamini ndiyo mtindo wake.

Liko na la noti. Kijana aliwasha programu ya kunyoosha noti, iliyopangwa kwa funguo 12 za piano. Wimbo uko katika maqam (mpangilio wa noti) ya Rast, ambayo noti yake ya tatu hukaa kati ya ufunguo mmoja wa piano na mwengine. Programu ikaivuta hadi kwenye ufunguo. Wazee wakasema wimbo hauna chumvi na wasijue kwa nini. Lakini tuwe wakweli: akodiani na vinanda vya umeme, tulivyoviingiza sisi wenyewe, navyo haviwezi kuipiga noti hiyo. Masikio ya mji huu yalianza kuhama kabla kompyuta haijafika.

Usiku wa shughuli

Ukumbi wa akina mama ulikuwa umejaa. Dijei akaweka wimbo bila kutangaza kitu, na ubeti wa kwanza ukatoka:

Ulinitupa jaani, ukadhani nitaoza,
Mvua imenidhamini, mizizi nimeeneza,
Leo uko kivulini, pa mti uliobeza.

Vigelegele. Wengine walilia. Wapo walioamini Bi Mkubwa amerudi, wapo walioona ni kanda ya zamani isiyowahi kutolewa. Mama mwenye shughuli akainuka na noti zake, akacheza hadi mbele, akafika na kukuta hakuna wa kumtunza. Akasimama mbele ya spika. Halafu akaziweka noti juu ya laptopu ya dijei. Walioko nyuma yake wakafanya vivyo hivyo, na baada ya muda dijei alikuwa akizikusanya noti juu ya kibodi haraka haraka asije akauzima wimbo. Watu walicheka. Nimeiona video yake na mimi nilicheka. Lakini kutunza si malipo tu. Anayetunza anasimama ana kwa ana na anayeimba, mwimbaji anamtazama, pengine anaurudia ubeti kwa ajili yake, pengine anaukatiza akiona mambo yanaelekea ugomvini. Mwimbaji mzuri wa taarab anausoma ukumbi. Laptopu ilipokea noti ikaendelea kama ilivyopangwa, ikafika kwenye ubeti wa nne, na ndani yake mstari huu:

Kitanda chako cha shaba, kimya hakina kilio.

Kila mtu ukumbini alielewa. Yule shoga wa zamani hana mtoto. Yeye hakuwepo harusini, ila dada yake alikuwepo, na wimbo ulimfikia kabla ya alfajiri.

Wakongwe wa kikundi wanakumbuka jinsi Bi Mkubwa alivyokuwa akirudisha mashairi. Kijembe hakukikataa hata siku moja, akikipenda kijembe kizuri kuliko chakula. Alichokikataa ni kumpiga mtu kwa alichonyimwa na Mungu. Mshairi aliyemletea mstari wa namna hiyo aliambiwa aende akaunywee chai kwanza, na mara nyingi alirudi na mstari ulio bora zaidi, kwa sababu alilazimika kutafuta fumbo badala ya jiwe. Kwa miaka yote hiyo mashabiki walipata nyimbo zilizokwisha kuchujwa na mtu mmoja mwenye haya. Walichokipenda kwenye sauti ile, sehemu yake ilikuwa uchujaji huo, ingawa hakuna aliyeufikiria. Modeli ilichukua koo ikaliacha lile la kurudisha shairi.

Ndiyo sababu mstari ule uliuma zaidi ya kawaida. Kutoka kwa hasimu wake, yule mwanamke alitarajia lolote. Yeye alimtumia Bi Mkubwa ujumbe wa sauti, akilia, akimuuliza: hata wewe?

Na mshairi? Alipoulizwa alisema mstari wa kitanda si wake. Yeye aliandika jengine, mteja akaubadilisha studio. Kijana akaona ni mteja, analipa, na akapitisha. Njia ya zamani ina milango mitatu: mshairi, mtia muziki, mwimbaji, na kila mlango una mtu anayeweza kusema hapana. Hii ilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wazi.

Aliyeimba chini

Sasa yule mwanamke wa pili. Ni binti muitikiaji wa kikundi chetu, anakaa safu ya nyuma, anaitikia, anapiga makofi inapohitajika. Kijana alimwita studio, akampa mashairi, akamlipa kidogo, akamwambia ni wimbo wa mfano ambao mwimbaji mwenyewe atakuja kuuimba baadaye. Aliimba wimbo wote. Mstari wa kitanda aliuimba pia, na nitaurejea huo.

Harusini alikuwepo. Wimbo ulipoanza alijitambua kabla ya ubeti wa pili: zile pumzi ni zake, na ule mwisho wa mstari unaopinda kidogo kabla ya kukatika ni wake, mama yake humkemea kwa huo. Amekaa pale, na pembeni yake mwanamke mmoja anajifuta machozi akisema hakuna kama Bi Mkubwa, watoto wa siku hizi hawajui kuimba.

Nimeirudia habari hii kwa watu wengi, na karibu wote huisikia kama kichekesho. Mimi naona ndiyo kiini cha kisa. Wanaoogopa akili mnemba husema itawaondoa waimbaji. Hapa haikumwondoa mwimbaji, ilimfunika. Wimbo uliowatoa watu machozi uliimbwa na msichana wa Zanzibar mwenye mapafu yake, aliyefunzwa kwenye kikundi cha Zanzibar, na sifa zote zikaenda kwa mtu ambaye hakuzitaka.

Kuiga kwenyewe hakuna ubaya, ndiyo skuli yetu. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na aliendelea kuziimba nyimbo za Siti kwa miongo. Hakuna aliyemsikia akadhani ni Siti. Koo lake lilikuwa na ukwaru wake na halikukubali kuwa la mtu mwengine, na katika kutokukubali huko nyimbo zile zikapata maisha ya pili. Binti wetu naye alikuwa katikati ya safari hiyo hiyo, anamuiga Bi Mkubwa na kila mara anakosea kwa namna yake. Programu ya kugeuza sauti inafuta makosa hayo hayo. Akizoea kusifiwa kupitia rangi ya sauti ya mwengine, sioni atafika vipi kwenye yake.

Kuhusu mstari wa kitanda, nilimuuliza kwa nini aliuimba. Alisema alijua ni mbaya, ila alidhani Bi Mkubwa akija ataukataa. Simtoi lawamani kabisa. Lakini nafikiri angeambiwa jina lake litatajwa, asingeuimba.

Kikao

Kijana alikuja na mjomba wake, akampa Bi Mkubwa shikamoo, akakaa chini mkekani. Utetezi wake haukuwa wa kijinga. Alisema alimuenzi mwimbaji aliyesahauliwa, na kwamba Wajapani wamefanya hivyo. Ni kweli: mwaka 2019 shirika la utangazaji NHK, kwa teknolojia ya Yamaha, lilitoa wimbo mpya kwa sauti ya Misora Hibari, aliyefariki mwaka 1989, na ukaonyeshwa tena kwenye tamasha kubwa la televisheni usiku wa kuamkia mwaka 2020. Mashabiki wake wa zamani walilia, kama walivyolia kina mama wa Ng'ambo. Nikaongeza ambalo hakulitaja, kwamba huko familia ilishirikishwa, na hata hivyo wapo wanamuziki wa Japani waliolishutumu jambo lile hadharani. Nikataja na la India: Januari 2024, A. R. Rahman alitumia sauti za waimbaji wawili marehemu katika wimbo wa filamu, akaeleza kwamba alizitaka ruhusa familia zao na kuzilipa.

Kijana akaleta na Hatsune Miku. Hapo alikuwa na hoja nzuri kuliko alivyojua. Miku ni mwimbaji wa kubuni, aliyetolewa na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo mwezi Agosti 2007, na sauti yake ilitokana na mwigizaji Saki Fujita, aliyeingia studio akijua anachokifanya. Mashabiki ndio waliomkuza, wakimtungia nyimbo kwa maelfu, wakimchora, wakijibizana wimbo kwa wimbo. Watunzi kadhaa wakubwa wa Japani wa leo walianzia huko, vyumbani mwao, bila kuhitaji mwimbaji wa kuwakubali. Kwa mtunzi asiye na kikundi, na Pemba wako wengi, hilo ni neema. Ila Miku hana jirani. Hakuna anayeweza kumtumia ujumbe wa sauti alfajiri. Ushabiki wa taarab umejengwa juu ya ujirani kuanzia sare hadi ugomvi, na ukiingiza sauti isiyo na mwenyewe, maneno yanawafikia wenyewe vile vile.

Mzee mmoja akauliza sheria inasemaje. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ni namba 14 ya mwaka 2003, na taasisi inayoisimamia ni COSOZA. Inalinda mashairi, muziki na kazi iliyorekodiwa. Ilitungwa kabla mtu hajawaza kwamba rangi ya koo inaweza kunakiliwa peke yake, ikatumika kwenye wimbo usiohusiana na rekodi yoyote. Huko Marekani, jimbo la Tennessee lilitia saini sheria ya kulinda sauti ya mtu dhidi ya nakala za namna hii mwezi Machi 2024, ikaanza kutumika Julai mwaka huo. Mzee akasema Tennessee ni mbali. Tukaachana na sheria.

Wakati huo faili la modeli lilikuwa limeshatoka. Kijana alimpa rafiki, rafiki akampa rafiki. Vikaanza kuzunguka vipande: Bi Mkubwa anaimba bongo fleva, Bi Mkubwa anaipigia debe timu ya mpira, Bi Mkubwa anampongeza mtu kwa siku yake ya kuzaliwa. Hivi viwili vya mwisho vilimchekesha, na sitaki kuficha kwamba vilitengenezwa kwa mapenzi. Vijana ambao hawakuwahi kumsikia sasa walikuwa wakizitafuta kanda zake. Kilichomkera kuliko vyote, kuliko hata wimbo wa harusi, ni kaswida. Jirani mmoja alimwambia angalau hiyo ni kheri. Akajibu:

"Kaswida nasoma mwenyewe."

Bahasha ya kijana hakuigusa. Aliuliza jambo moja tu la ufundi. Wimbo ulipochezwa kikaoni, alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa pili, akainua kidole.

"Huyu anayevuta pumzi kabla ya neno la mwisho ni nani? Mimi hivyo sikufundishwa."

Kijana akamtaja binti. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lile kusemwa na wimbo ule kwa pamoja. Bi Mkubwa akataka aletwe, akaletwa siku nyengine, na waliyozungumza ni yao. Ninachojua ni kwamba sasa binti havuti pumzi pale.

Baada ya hapo

Kijana aliuondoa wimbo kwenye kurasa zake na akafuta modeli kwenye kompyuta yake mbele yetu. Kwenye WhatsApp bado upo, utakuwepo. Mama wa harusi alikwenda kwa shoga yake na wanawake wawili watu wazima wa mtaa; kama alisamehewa au la, sikuuliza. Pesa za kutunza zilizokusanywa juu ya laptopu zilileta mjadala mrefu kuliko sheria ya Tennessee. Kwa kawaida yetu tunzo ni ya kikundi chote. Dijei alisema yeye ndiye aliyekuwepo, kijana akasema ni kazi yake, na mwisho zikagawanywa kati ya binti na kijana, dijei akinung'unika.

Kikundi kimeandika sharti lake. Rekodi ya mwimbaji wetu haitolewi kwa ajili ya kufundishia modeli bila ridhaa yake au ya warithi wake, na anayeimba chini ya sauti ya mwengine atatajwa jina. Mshairi aligoma kutia saini, akisema mbona mashairi hayakutajwa wakati ndiyo yaliyochezewa kwanza. Anayo haki. Sharti limerudi kuandikwa upya.

Idd iliyofuata binti aliuimba wimbo jukwaani, kwa sauti yake, bila ubeti wa nne. Kiitikio tulikirudisha juu, maana yeye anafika, na noti ya tatu nikaiweka pahala pake kwa fidla. Nikisema ulipendwa nitakuwa nadanganya. Waliotunza walikuwa wachache. Kuna aliyepaza sauti kutoka nyuma akitaka tuweke ule wa Bi Mkubwa. Wapo waliousikia wa kwetu wakasema huyu binti anamuiga mtu vibaya. Kwa masikio ya wengi ule wa kompyuta ndio asili, na huu wa mwenyewe ndio nakala. Nilipolitafakari hilo usiku ule sikupata usingizi mapema.

Tangu hapo studio nyengine ya mjini imemwita binti. Wanataka aimbe chini ya sauti za waimbaji kadhaa wa zamani, warithi wameshaulizwa, malipo ni mazuri kuliko anayopata kwetu, na wamekubali kumtaja. Yeye anataka kwenda. Wazee wamegawanyika: wapo wanaosema ni kazi halali kama nyengine, na wapo wanaosema akishaingia huko hatutampata tena mbele ya jukwaa. Bi Mkubwa aliulizwa, akasema muulizeni mwenyewe binti. Kikundi kitakaa baada ya Ramadhani, kabla harusi za Mfunguo mosi hazijaanza.